Pikipiki Iliyowekewa Dripu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku kubwa! Naandika mikono ikiwa bado na grisi. Mama Chepngeno, mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa hapa Kapsoiyo, ametangaza asubuhi mbele ya wakulima wote kwamba chama kinatafuta fundi mmoja wa kutunza pikipiki zake kumi na mbili. Fundi wa kudumu! Ovaroli yenye jina kifuani!

Ugonjwa wa pikipiki hizo unajulikana. Zinabeba maziwa kutoka mashamba ya chini, Fort Ternan, kwenye joto na miwa, hadi kituo chetu cha kupoza maziwa huku juu kwenye baridi na majani chai. Zikitengenezwa zikimbie vizuri kule chini, huku juu zinakohoa na kuzimika. Zikitengenezwa huku juu, kule chini zinachemka kama sufuria. Dereva anapiga kiki kando ya barabara, na maziwa yanachacha yakimsubiri.

Mtihani ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Kila fundi aje na pikipiki yake, abebe mitungi miwili ya maziwa kutoka stesheni ya Fort Ternan hadi kituoni, asisimame kugusa kabureta njiani. Atakayefika kwanza, maziwa yakiwa mazima, kazi ni yake. Nimejiandikisha wa kwanza. Wa pili, na wa mwisho, ni Ogada wa Fort Ternan. Mafundi wengine wamesema wana shughuli nyingi. Waoga!

Janeffer, mke wangu, hakupiga makofi. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Nikishindwa, kibanda changu cha ufundi kinakuwa zizi la ndama, nami nabeba kikapu tunaenda kuchuna chai pamoja. Nilimkumbusha kwamba kuchuna chai nilishajaribu. Akanikumbusha kwamba karani alirudisha kikapu changu chote kwa sababu nilichuna majani magumu na vijiti vyake. Sikuona haja ya kuendelea na mazungumzo hayo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshuka Fort Ternan kufanya upelelezi. Rasmi nilikwenda kununua plagi.

Huyu Ogada amezaliwa pale pale. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya reli. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwenye mataruma. Haongei sana. Ana kisanduku cha plastiki chenye vijumba vidogo vidogo, na katika kila kijumba jeti moja ya kabureta, imeandikwa namba kwa kalamu. Jeti, yaani kile kitobo cha shaba kinachoamua injini inywe petroli kiasi gani. Zangu mimi nazitia kwenye kopo la kakao. Mtu mwenye kisanduku kama kile ana maringo, hata akinyamaza.

Alininunulia soda. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kunipa siri! "Kimeli ndugu yangu," akasema, "huko kwenu juu hewa ni kidogo. Hewa ikipungua, na petroli pia upunguze. Weka jeti ndogo, shusha sindano ya kabureta kidogo, na ukipanda mlima vuta mafuta polepole. Plagi ikitoka nyeusi ujue umezidisha."

Nilimaliza soda nikitafakari. Mshindani gani huyu anayegawa siri? Ni mtego! Mlima unachosha. Aliyechoka anahitaji nguvu. Nguvu ya injini ni petroli. Sisi wenyewe huku juu tunakunywa chai vikombe vitatu pale ambapo watu wa chini wanatosheka na kimoja, na hakuna aliyewahi kutuambia tupunguze. Nitafanya kinyume cha kila neno alilosema. Nimemshukuru kwa heshima nyingi ili asishtuke.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimepata! Siku mbili nilikuwa najiuliza nitaiongezeaje pikipiki petroli nikiwa mbioni, bila kusimama, bila kugusa kabureta. Jibu limenijia nikiwa chemisti.

Nilitumwa dawa ya mafua ya mama mkwe. Mama Cherotich anaishi nasi tangu mwaka jana alipolazwa Longisa. Kule hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu, na siku zote tatu niliitazama dripu. Tone. Tone. Tone. Nesi akigeuza kile kigurudumu cha kwenye mrija, matone yanaongezeka. Akigeuza tena, yanapungua. Watu waliniona nimetoa macho wakasema mkwe gani huyu mwenye huruma. Huruma nilikuwa nayo pia.

Basi leo kwenye rafu ya chemisti nimeiona mirija ile ile, mipya, kwenye karatasi zake. Nikachukua miwili. Mwenye duka akauliza nani mgonjwa. Nikamjibu ni pikipiki. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mpango ni huu. Chombo cha petroli kinaning'inia juu ya usukani. Mrija unashuka hadi kwenye mpira unaopeleka hewa ndani ya injini. Kigurudumu kiko karibu na kidole gumba. Fort Ternan, hakuna tone hata moja. Katikati ya mlima, matone kumi kwa dakika. Karibu na nyumbani, ishirini. Ogada abaki na kisanduku chake!

Jumamosi, 9 Agosti

Tatizo la chombo. Chupa ya plastiki imelegea kwa petroli na kupinda shingo. Chupa ya glasi Janeffer amekataa, amesema hataki kuokota vipande vya mumewe barabarani. Nahitaji kitu chepesi, chenye tumbo pana na shingo nyembamba, kisichoyumba.

Nikainua macho jikoni nikaviona. Vibuyu vya mama mkwe! Vile anavyogandishia maziwa ya mursik. Lakini mimi si mjinga. Mwanamume hagusi kibuyu cha mwanamke, sembuse cha mama mkwe wake. Nikapanda pikipiki mpaka soko la Sigowet kununua changu mwenyewe.

Nimempata bibi mmoja mwenye vibuyu vizuri sana. Nilichochagua alikuwa ameshakisugua ndani kwa mkaa wa mti, kama inavyotakiwa, na akasema kwa vile mimi ni mwanamume nisiyejua kazi hii ataniongezea mkaa kidogo ili maziwa yangu yawe matamu. Sikumwambia ukweli. Akanibariki. Nilijisikia vibaya mpaka njia panda, kisha nikasahau.

Kinafanana kabisa na vya mama mkwe. Tumbo lile lile, kofia ile ile ya ngozi ya kahawia.

Jumatatu, 11 Agosti

Jaribio la kwanza. Kuondoka Fort Ternan, safi. Katikati ya mlima nikafungulia matone kumi. Injini ikaanza kukohoa. Nikaona wazi kwamba ina njaa, nikaweka ishirini. Ikakohoa zaidi na kutoa moshi mweusi. Arobaini! Nikafungulia kigurudumu chote.

Imezimika mbele ya kituo cha kununulia majani chai, saa ile ile wakulima wamepanga foleni na magunia yao wakisubiri lori. Watu wasiopungua arobaini. Kisha mzee mmoja akatazama kibuyu, akatazama mrija wa dripu, akavua kofia, akaniuliza mgonjwa amefariki saa ngapi.

Nimesukuma pikipiki mpaka nyumbani nikiwa nimeinua kichwa. Nimefungua plagi. Nyeusi kama sufuria ya harusi. Nimefikiria jambo hili kwa kina na kugundua kosa: matone nilianza kuyatoa nikiwa nimechelewa.

Jumatano, 13 Agosti

USHINDI! Acha niandike polepole ili nisiharibu karatasi.

Leo nilifungulia matone ishirini tangu stesheni. Kilomita ya kwanza pikipiki ilipiga chafya. Ya pili ikatulia. Baada ya hapo, ajabu! Ilipanda bila kulalamika. Nikalipita lori la majani chai, dereva akinitazama kama amemwona mkwewe kwenye dansi. Nikafika nyumbani injini ikinguruma. Nikapiga honi hadi ndama akakata kamba.

Nikashuka kukagua mitambo. Kibuyu kimejaa, petroli haijapungua hata kikombe. Mrija umeziba kabisa! Unga wa mkaa wa yule bibi wa Sigowet umeshuka na kujaa shingoni mwa mrija. Hakuna tone lililopita tangu kilomita ya pili.

Janeffer akasema, kwa sauti ile yake ya upole inayoniudhi, "Sasa Kimeli, si ina maana imeenda vizuri kwa sababu hukuiongezea petroli? Si ndiyo hiyo Ogada alikuambia?" Nimemwambia amechoka na kazi za shamba, alale mapema.

Ukweli uko mbele ya macho ya kila mtu. Ni mkaa! Mkaa ndio dawa. Tangu zamani sisi tunajua mkaa unalainisha maziwa. Leo nimegundua unalainisha petroli pia. Jumamosi nitaongeza mkaa mara mbili. Na pale kwenye mwinuko wa mwisho, mkali kuliko yote, ambapo paa la kituo linaonekana, nitafungulia kigurudumu chote kwa pigo la mwisho. Nimeandika hivyo kwenye ukuta wa kibanda ili nisiogope nikifika pale.

Ijumaa, 15 Agosti

Ogada alipita hapa leo kujaribu pikipiki yake mlimani. Alinipungia mkono. Upelelezi mtupu! Alitaka kukiona kibuyu.

Nyumbani pia kuna shughuli. Mama Chepngeno amemwomba mama mkwe alete mursik kesho, mshindi apokelewe nayo akifika, kama wanavyopokelewa wakimbiaji wetu wakirudi na medali. Mama Cherotich amefurahi mpaka inanigusa. Tangu augue hakuna aliyemwomba kitu. Watu humwuliza tu kama amekunywa dawa. Wiki nzima ameshughulikia vibuyu vyake vinne, akiamka kuvisikiliza kama watoto. Leo amepiga pasi kitambaa chake cha kichwa mara mbili. Nilimwambia kwa heshima kwamba mdomo utakaokunywa mursik hiyo ni wangu. Akaniambia nivae viatu visivyo na matope.

Sasa siri ya leo. Kibuyu changu kimejaa petroli na mkaa, na Ogada anakitafuta. Nikifiche wapi? Kibandani ndipo mahali pa kwanza atakapotazama. Nikawaza, nikawaza. Kisha nikatabasamu. Ghalani, kwenye ule mti wa kuning'inizia vibuyu vya mama mkwe vikishajaa! Nani duniani atatafuta petroli kati ya mursik? Nimekining'iniza cha tatu kutoka kushoto. Harufu haitanisaliti: mama mkwe ana mafua, na Janeffer anasema nyumba hii inanuka petroli tangu siku aliyoolewa.

Cha tatu kutoka kushoto. Nimejisomea mara kumi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa sababu nimejiwekea sheria ya kuandika. Si kwa sababu napenda.

Niliamka alfajiri. Mama mkwe na Janeffer walikuwa wameshaondoka na wanawake wengine kuandaa kituo. Nikaingia ghalani, nikahesabu, nikachukua cha tatu kutoka kushoto, nikashuka Fort Ternan.

Saa tatu tukawa tayari stesheni, mitungi imefungwa nyuma, maziwa yamejaa mpaka shingoni yasicheze. Mchungaji akaombea safari. Wakati watu wamefumba macho nikavua kofia ya kibuyu chini ya koti langu, nikachomeka kizibo chenye mrija, haraka, Ogada asione. Hata mimi sikuona. Nilipokining'iniza, tone la kwanza lilikuwa jeupejeupe. Nikasema ni umande.

Bendera! Ogada akaondoka taratibu, akivuta mafuta kama anayemimina chai kwa wageni. Mimi nikamwacha. Nilisikia mrija umeziba mapema kuliko Jumatano, nikajipongeza kwa kuongeza mkaa. Kona baada ya kona, Ogada haonekani kwenye kioo. Nilipopita kituo cha majani chai watu wakaruka na magunia yao, na yule mzee akapiga kelele, "Mgonjwa amepona!" Machozi yalinilenga, naandika bila aibu. Miaka yote hii ya kuchekwa, na sasa watu wanashangilia jina langu. Nikaliona paa la kituo. Nikauona umati. Ogada yuko kona mbili nyuma.

Ningeweza kuacha mambo yalivyokuwa. Lakini mpango ni mpango, na ulikuwa umeandikwa ukutani. Nikafungulia kigurudumu chote na kukipiga kibuyu kwa kiganja.

Kitu kizito kikashuka. Nilikiona kikipita kwenye mrija, bonge moja la kijivu. Injini ikameza. Ikanyamaza kidogo kama mtu anayekumbuka kitu. Kisha ikapiga chafya, ikatapika povu jeupe kwenye suruali yangu, na kuzimika.

Nikagusa povu. Nikanusa. Nikaonja. Mursik! Na mursik nzuri kweli, nzito, yenye ule uchungu mdogo wa mkaa. Nikabaki nimesimama na kidole mdomoni. Ogada akanifikia, akapunguza mwendo, akauliza kama nimeumia. Nikampungia aende. Akaenda, pikipiki yake haijakohoa hata mara moja tangu chini.

Ndipo akili ikaamka. Kama mursik iko hapa, petroli iko wapi?

Niliona picha yote kwa mara moja. Mama mkwe ameamka kabla yangu. Amechagua kibuyu kilichojaa kuliko vyote, kile cha tatu, changu. Vikabaki vinne, nami nikaja nikahesabu upya. Na kile cha petroli sasa kiko kituoni, kinamsubiri mshindi. Na mshindi ndiye yule anayekata kona.

Nikaiacha pikipiki. Nikaiacha mitungi. Nikakimbia. Nilitaka kupiga kelele lakini pumzi haikuwepo. Kweli huku juu hewa ni kidogo, leo nimelithibitisha. Watu waliniona nakuja na gambuti wakadhani nataka kushika namba mbili kwa miguu. Wakapiga makofi! Wakanihimiza! Wanawake wakaimba zaidi, na nyimbo zao zikameza ile sauti ndogo niliyokuwa nayo.

Nilipofika Mama Chepngeno alikuwa ameshainua kibuyu mpaka usoni pa Ogada. Mama mkwe amesimama kando na kitambaa chake cha pasi, mikono ameifumbata, anatabasamu. Ogada akainama kunywa. Akasimama. Akanusa tena. Akakishusha kibuyu polepole akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, pole. Hii ni petroli."

Nyimbo zikakatika. Watu wote wakamgeukia mama mkwe. Akakichukua kibuyu, akanusa kwa pua yake yenye mafua, akanusa tena. Mtu akanong'ona nyuma kwamba uzee umeanza kumchanganya. Alimsikia. Nilimwona akisikia.

Njiani nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu, mmoja ulikuwa mzuri sana. Hakuna uliotoka. Nilisema ni changu. Nilisema mimi ndiye niliyekificha kati ya vibuyu vyake, na kwamba mursik yake ilikuwa njema kabisa, iko kwenye pikipiki yangu, nimeionja mwenyewe barabarani.

Ogada ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mama Chepngeno, kisha kituo kizima, watu wakishikana mabega. Mama mkwe hakucheka. Ogada akamaliza, akajifuta macho, akaniuliza pikipiki iko wapi. Akateremka mwenyewe mpaka pale, akakifungua kibuyu kwenye usukani, akakifuta kwa kitambaa safi, akarudi nacho. Hakunywa. Alimpa kwanza mama mkwe, ili yeye ndiye ampe kwa mkono wake. Kisha akanywa, akashusha pumzi, akaomba nyingine. Mama Cherotich alimtazama kwa jicho ambalo mimi sijawahi kutazamwa nalo katika miaka tisa ya ndoa.

Maziwa yake yalipimwa. Mazima. Kazi ni ya Ogada.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani nimekaa nyuma. Mchungaji amehubiri kuhusu mtu aliyeficha taa chini ya kikapu, na watu wote wakageuka kunitazama.

Janeffer hajanigombeza. Ingekuwa afadhali. Tuliporudi alibadilisha nguo, akamfungua ndama, akamwingiza kibandani kwangu. Nilisikia kopo la kakao likianguka. Mama mkwe anapita karibu nami kama vile sipo. Naona aibu kubwa. Naiandika hapa kwa sababu sijui nitamwambiaje.

Saa tisa Ogada akaja. Nilidhani amekuja kucheka tena. Kumbe amekuja kumsalimia mama mkwe! Amekaa naye jikoni nusu saa nzima, wakiongea mambo ya maziwa. Kisha akaniita nje.

Akasema chama kimemruhusu achukue msaidizi mmoja, na amewaambia ananitaka mimi. Nikamwuliza kwa nini, kama ni mzaha aseme. Akasema mtu aliyeacha pikipiki na maziwa barabarani akakimbia mlima mzima kuokoa koo la mwenzake, huyo anaweza kufanya kazi naye. "Halafu tena, Kimeli," akasema, "afadhali ukae mahali nakuona."

Sharti ni moja. Matairi ni kazi yangu. Minyororo yangu. Kuosha mitungi, yangu. Kabureta, kamwe! Janeffer, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote, akaingia ndani akatoka na Biblia. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, mkono juu ya Biblia, Ogada na mama mkwe wakiwa mashahidi.

Janeffer akaenda kumtoa ndama. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake, akanishika mkono. Jioni mama mkwe amenimiminia chai. Ilikuwa na sukari.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya nne kazini. Ovaroli ya bluu, KIMELI kifuani kwa uzi mweupe. Janeffer aliniletea chakula jana akasimama kuisoma ile herufi kwa herufi, kama hajui jina langu. Mama mkwe amenisalimia asubuhi mbili mfululizo. Nina furaha. Sijui lini mara ya mwisho niliandika neno hilo humu.

Nimeziba pancha kumi na saba. Sijagusa kabureta. Ogada amezitengeneza pikipiki zote kumi na mbili, kila moja jeti yake kulingana na njia yake: zile za kushuka Fort Ternan na kupanda, zile za kuzunguka katikati, zile zisizotoka huku juu. Tangu Jumanne hakuna hata moja iliyozimika. Wakulima wanamwombea.

Leo Ogada ameshuka kwao kwa shughuli ya familia, atarudi kesho. Ameniachia ufunguo wa banda. Amenitazama machoni akasema ananiamini. Nikamwambia aende salama, ndugu yangu.

Pikipiki zote zimeegeshwa mbele yangu, mstari mmoja, zikisubiri maziwa ya saa nane mchana. Nimeziwasha moja moja kuzisikiliza tu. Zinanguruma vizuri. Lakini vizuri hivi hivi, bila hamu. Mtu mwenye sikio anasikia kuna kitu zimenyimwa. Sitagusa kabureta, nimeapa. Lakini kuangalia si kugusa, na huwezi kuangalia jeti bila kufungua. Nilianza na moja tu.

Sasa ni saa sita na nusu. Nane ziko wazi. Jeti zote nane nimezitia kwenye bakuli moja la petroli zipate kung'aa, na kumbe namba zake ni ndogo kiasi kwamba hata juani hazisomeki. Janeffer amepiga simu kuniuliza siku inaendaje. Nimemwambia inaenda vizuri sana.

Zimebaki nne.